Kumtafuta kondori wa California: saa, upepo na rangi ya chini ya bawa

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi San Jose, California. Juni iliyopita nilikwenda hifadhi ya Pinnacles na wanangu wawili kutafuta kondori. Tulifika saa sita mchana, tukaona ndege weusi wengi wakizunguka juu yetu, lakini hatukupata mtu wa kutuambia kwa hakika kama ni kondori au la. Nasikia wamefungwa redio. Je, mtu wa kawaida anaweza kuwafuatilia? Nitawatambuaje, niende wapi na saa ngapi? Na nikija likizo nyumbani, kuna jambo kama hili la kuwaonyesha watoto?"

Jibu:

Marahaba, mama. Poleni na jua la Pinnacles la mwezi Juni, hasa hao watoto. Bonde lile likishaanza kuwaka halina huruma.

Nianze na ndege mliowaona. Walikuwa wengi, unasema, na walizunguka juu yenu mchana kweupe. Kwa maelezo hayo nadhani wengi wao, au wote, walikuwa tumbusi wa kichwa chekundu, ndege aliyeenea karibu Marekani yote na ambaye Pinnacles ni kwake pia. Kondori, nao ndege wala mizoga kama tumbusi, hawana wingi wa namna hiyo. Duniani kote wapo zaidi ya 500, ukijumlisha na wale walio kwenye vituo vya kuzalishia. Wanaoruka huru ni zaidi ya 300, nao wametawanyika California, Arizona, Utah na Baja California upande wa Mexico. Kwa hiyo ukiona kundi la ndege weusi, anza kwa kudhani si kondori, kisha mwache ndege mwenyewe akubadilishe mawazo. Anayeanza kwa kutamani humwona kondori katika kila kivuli.

Watu wengi hupanda mlima wakitegemea ukubwa peke yake. Ni kweli kondori ni mkubwa kupita kiasi: mabawa yake yakitandazwa hufika karibu mita 3 toka ncha hadi ncha, na uzito wake ni kilo 8 hadi 10. Tumbusi wa kichwa chekundu ana mita 1.7 hivi na kilo 2 tu. Ukiwaona wamekaa tawi moja huwezi kukosea. Ila angani hakuna cha kupimia. Tumbusi anayepita karibu na kofia yako ataonekana mkubwa kuliko kondori aliye juu ya kilele cha pili. Ukubwa unakufaa pale tu ndege wawili wanapoelea pamoja katika duara moja, na hapo hata mtoto atakuonyesha kwa kidole.

Cha kutazama ni rangi ya chini ya bawa. Shika hili moja hata ukisahau mengine yote. Kondori mkubwa ana weupe upande wa mbele wa bawa, weupe safi wenye umbo la pembetatu ndefu unaoanzia kwapani kuelekea nje, na manyoya ya nyuma ni meusi. Tumbusi wa kichwa chekundu ni kinyume kabisa: mbele mweusi, nyuma rangi ya fedha iliyofifia, hasa jua likimpiga kwa juu. Waambie watoto: mweupe mbele ni kondori, mng'aro nyuma ni tumbusi. Watoto hushika jambo kama hili upesi kuliko sisi, maana hawana mazoea ya kubishana nalo.

Baada ya rangi, tazama anavyoruka. Tumbusi hunyanyua mabawa kama herufi V na huyumba kushoto na kulia kila upepo unapomgusa. Kondori huyalaza mabawa karibu sawasawa na hatikisiki. Anakata anga kwa mstari mmoja mrefu, akizunguka taratibu, na unaweza kumwangalia dakika nyingi asipige bawa hata mara moja. Manyoya ya ncha ya bawa hujitenga kama vidole vilivyoachanishwa. Akipita karibu utasikia upepo ukipiga filimbi kwenye manyoya hayo kabla hujamwona. Mkia wake ni mfupi na mpana.

Ugumu uko kwa vijana. Kondori hufikia utu uzima akiwa na miaka 6 hivi. Kabla ya hapo kichwa chake ni cheusi au kijivu badala ya rangi ya chungwa na waridi ya wakubwa, na ule weupe wa chini ya bawa huwa na madoa ya kijivu kana kwamba umepakwa moshi. Ndiyo maana mtu husema, "Nimeona tumbusi mkubwa ajabu mwenye kichwa cheusi," kumbe amemwona kondori wa mwaka wa pili. Mwingine wa kukuchanganya ni tai wa dhahabu. Huyo naye ni mkubwa, mabawa mita 2 na zaidi, na akiwa kijana ana weupe chini ya bawa. Lakini weupe wake uko katikati ya manyoya ya kurukia, na mkia wake ni mweupe shinani wenye ncha nyeusi. Kondori hana weupe mkiani. Dume na jike wa kondori wa California huwezi kuwatenganisha kwa macho. Wale wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, dume ana upanga wa nyama kichwani, lakini huyo ni ndege mwingine na hutamkuta huko uliko.

Sasa niingie kwenye lebo, kwa sababu hapa ndipo jibu la swali lako la kufuatilia linapoanzia. Karibu kila kondori anayeruka huru amevishwa lebo yenye namba, au herufi na namba, kwenye bawa moja au yote mawili. Hupachikwa kwa kutoboa ile ngozi nyembamba ya mbele ya bawa isiyo na misuli, kama hereni ya ng'ombe inavyopita sikioni. Lebo huonekana ndege akiruka na akiwa amekaa, na kwa darubini nzuri unaweza kuisoma kutoka mbali. Andika rangi na namba kwa pamoja. Namba ya kwenye lebo mara nyingi ni tarakimu za mwisho tu za namba ndefu ya ndege huyo, hivyo ndege wawili wanaweza kuwa na namba moja kwenye rangi mbili tofauti. Namba peke yake haitoshi.

Ukishapata rangi na namba, kwa ndege wa Pinnacles na wa pwani ya Big Sur kuna tovuti iitwayo Condorspotter, inayosimamiwa na shirika la Ventana Wildlife Society. Unachagua rangi, unachagua namba, nayo inakuambia huyo ni nani: mwaka alioanguliwa, dume au jike, alizaliwa kituoni au porini, na mara nyingi wazazi wake. Watoto wako watapenda hapo. Badala ya "tuliona kondori" watasema walimwona fulani, binti wa fulani, na wakirudi mwaka ujao wanaweza kumkuta tena, kwa kuwa ndege hawa huishi miongo mingi.

Chanzo cha kila ndege kuwa na jalada lake kinafaa kujulikana, maana bila hicho lebo itaonekana kama pambo la watafiti. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki kondori 22 duniani. Uamuzi mgumu ulifanyika: kuwakamata wote. Kulikuwa na watu waliopinga kwa uchungu, wakisema ni afadhali wafe huru. Wa mwisho kukamatwa porini, dume aliyejulikana kama AC-9, alinaswa tarehe 19 Aprili 1987, siku ya Pasaka. Jumla yao ilikuwa 27. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na kondori hata mmoja wa California angani, mahali popote. Mwaka 1988 kifaranga wa kwanza wa yai lililotagwa kituoni alianguliwa San Diego, na mwaka 1992 wakaanza kurudishwa porini. AC-9 mwenyewe aliachiwa tena mwaka 2002. Ndege wote unaoweza kuwaona leo wanatoka katika ukoo wa wale 27, na kwa sababu hiyo nasaba ya kila mmoja inaandikwa katika daftari maalumu, ili ndugu wa karibu wasioane. Mwaka 2019 namba katika daftari hilo ilifika 1000: kifaranga aliyeanguliwa kwenye jabali la hifadhi ya Zion, Utah. Hebu fikiria. Namba 1000 zimetolewa, lakini walio hai ni nusu yake tu na kidogo. Hiyo ndiyo hesabu inayonikosesha raha kila nikiisoma.

Tuje kwenye redio. Ni kweli wengi wao wamefungwa vifaa, na ni vya aina mbili. Cha kwanza ni redio ndogo inayotoa mlio wa taratibu kwenye masafa yake pekee. Mtafiti husimama kilimani na antena ya mkononi, huigeuza pole pole, na upande ambao mlio unasikika kwa nguvu ndiko ndege aliko. Kifaa hiki ni rahisi na hudumu, ila kinahitaji njia wazi kati ya ndege na antena. Ndege akiingia nyuma ya jabali mlio hupotea, au mbaya zaidi hugonga ukuta wa bonde na kukuonyesha upande usio wake. Cha pili ni GPS inayotumia nguvu ya jua, ambayo huandika ndege alipo kila baada ya muda na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. GPS ndizo zilizoonyesha jinsi ndege hawa wanavyosafiri. Kondori anaweza kukata zaidi ya kilomita 200 kwa siku moja, na yule uliyemwona Pinnacles asubuhi anaweza kuwa pwani ya Big Sur kabla ya jua kuzama.

Taarifa hizo hazifunguliwi wakati huo huo kwa umma, nami nakubaliana na uamuzi huo kabisa. Kondori amewahi kupigwa risasi na watu: AC-8, jike mzee aliyekuwa amerudishwa porini mwaka 2000 baada ya kuzaa watoto wengi kituoni, aliuawa kwa bunduki mwaka 2003. Ramani ya moja kwa moja ingemfikisha kila mtu kwenye kiota, mwenye nia njema na mwenye nia mbaya. Kwa hiyo usitafute programu ya simu ya kukuonyesha kondori wako wapi sasa hivi. Kazi yako ni ile ambayo kifaa hakiwezi: kuona. GPS inasema ndege yuko kwenye mteremko fulani. Haisemi kama anachechemea, kama ameshikana na mwenzi mpya, kama lebo yake imechanika, kama anakula mzoga gani na pamoja na nani. Taarifa ya mtu mwenye darubini na daftari inajaza nafasi hiyo, na watafiti huzipokea.

Kuna jambo moja ambalo vifaa hivi vimeokolea maisha mengi. Ndege asiposogea kwa saa nyingi, redio hubadilisha mwendo wa mlio, au nukta za GPS hurundikana mahali pamoja. Mtafiti akiona hivyo huondoka mbio, kwa sababu mara nyingi maana yake ni sumu ya madini ya risasi. Hiki ndicho kinachoua kondori wengi kuliko kitu kingine. Mwindaji hupiga mnyama kwa risasi iliyotengenezwa kwa madini hayo, risasi inapasuka vipande vidogo visivyoonekana ndani ya nyama, mwindaji huchukua nyama na kuacha matumbo. Kondori huja kwa kundi kula. Chembe kidogo tu inatosha kupoozesha tumbo la ndege, na unaweza kumkuta amekufa kwa njaa huku chakula kimejaa kooni. Mzoga mmoja unaweza kuwatia sumu wengi kwa siku moja. Ndiyo maana watafiti huwakamata mara kwa mara kupima damu, na wanaokutwa na sumu nyingi hupelekwa kutibiwa. Kwa ndege wa upande wako, Oakland Zoo ni mojawapo ya mahali wanapotibiwa. California ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuondoa risasi za madini hayo katika uwindaji wote, nayo ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019. Arizona wamechagua njia ya kuwashawishi wawindaji na kuwapa risasi za shaba. Sheria au ushawishi, ndege bado wanakufa, na bila ukaguzi huu wa kila mwaka nadhani tungekuwa tunarudi nyuma.

Mwaka 2023 ufuatiliaji ulionyesha thamani yake kwa namna nyingine. Watafiti wa Arizona waliona ndege mnyonge, wakashuku sumu ile ile ya kawaida, kumbe ulikuwa mlipuko wa mafua ya ndege. Kondori 21 wa kundi la Arizona na Utah walikufa katika majira yale ya machipuko. Kwa kuwa kila ndege alikuwa akijulikana alipo, mizoga ilipatikana, wagonjwa waliondolewa, na mwaka huo huo chanjo ikaanza kutolewa kwa kondori.

Saa ya kwenda sasa. Saa sita mchana ndiyo uliyokosea, ukiniruhusu kusema wazi. Kondori ni mzito mno kupiga mabawa kwa muda mrefu. Anahitaji hewa imnyanyue. Pinnacles, hewa ya joto huanza kupanda kutoka kwenye miamba saa tatu au saa nne asubuhi. Kabla ya hapo ndege wako kwenye matawi makavu na kingo za majabali, wakitandaza mabawa kuota jua, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kusoma lebo. Ikifika mchana wameshapanda juu sana au wameshatoka nje ya hifadhi kutafuta mizoga kwenye mashamba ya mifugo. Jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi, hurudi kulala. Kwa hiyo una vipindi viwili, asubuhi na jioni, na katikati wape watoto chakula na kivuli.

Ingia kwa lango la mashariki, kupitia Hollister na barabara namba 25. Hifadhi ina malango mawili, la mashariki na la magharibi, na hakuna barabara ya gari inayoyaunganisha ndani, kwa hiyo ukikosea lango umepoteza asubuhi yako. Kambi ya kulala iko upande huu wa mashariki, na ukingo wa mlima ulio kusini-mashariki ya kambi ndipo ndege hupenda kulala. Hapo kambini zimewekwa darubini za kudumu kwa ajili ya wageni. Kama unaweza kulala usiku mmoja, utapata jioni na asubuhi bila kuendesha gari gizani, na watoto hawatalazimika kupanda popote. Mkitaka kupanda, njia ya Condor Gulch kutoka Bear Gulch ina mahali pa kutazamia baada ya kilomita 1.6 hivi, hapo miguu midogo inafika. Vilele vya High Peaks ndiko kondori hupita karibu zaidi, lakini njia ni kali, ina ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, na wakati wa kiangazi si ya watoto wadogo. Chagua miezi ya baridi au machipuko. Kondori wa hapo hawahami, wapo mwaka mzima.

Big Sur ni tofauti. Pale upepo wa bahari hugonga milima na kupanda, kwa hiyo ndege hawangoji joto, na unaweza kuwaona kando ya barabara namba 1 wakipita usawa wa macho yako. Eneo la kusini ya Big Sur kuelekea Julia Pfeiffer Burns ndilo la kusimama, mahali pa kuegesha gari salama, na kutazama chini kwenye miamba ya simba-bahari na pia juu mlimani. Kondori wa pale wamerudia mlo wa mababu zao, wanyama wa baharini waliokufa: simba-bahari, na nyangumi akitupwa ufukweni. Mlo huo una athari yake. Mabaki ya dawa ya kuulia wadudu ya DDT yaliyomwagwa baharini zamani bado yamo katika mafuta ya simba-bahari, na yamewahi kufanya maganda ya mayai ya kondori wa pwani kuwa membamba. Kabla ya kuondoka nyumbani ulizia hali ya barabara, maana maporomoko huifunga mara kwa mara, na asubuhi za kiangazi ukungu wa bahari unaweza kufunika kila kitu hadi mchana.

Mkipata safari ndefu, nendeni Arizona. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon, karibu na Bright Angel Lodge na Lookout Studio, huwa na kondori machipuko na kiangazi, tena wakati mwingine wamekaa kwenye miamba chini yako, ukiwatazama mgongoni. Kwenye daraja la Navajo, Marble Canyon, hupumzika juu ya vyuma vya daraja, na huko hata simu ya kawaida hupata picha ya lebo. Mbele kidogo, kwenye barabara ya vumbi ya House Rock Valley, kuna mahali pa kutazamia majabali ya Vermilion Cliffs, ambako ndege wa kwanza wa Arizona waliachiwa mwezi Desemba 1996. Kila mara ukiangalia kwa darubini, utaona mistari myeupe ya kinyesi ikishuka kwenye jabali jekundu. Fuata mistari hiyo hadi juu, hapo ndipo wanapokaa.

Usiwe na haraka ya kununua vifaa. Darubini ya 8x42 au 10x42, yaani inayokuza mara 8 au 10 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inatosha kwa mwanzo. Kubwa ni namna ya kutafuta: watu hupepesa darubini angani ovyo hadi mikono inachoka. Kaa mahali pamoja. Pitisha macho kwenye kingo za milima, mti mkavu kwa mti mkavu, jabali kwa jabali, kisha urudie. Waangalie kunguru wakubwa na tumbusi wa kichwa chekundu wanakoelekea. Tumbusi huyo hunusa mzoga kutoka mbali, lakini kondori hutegemea macho, na mara nyingi hufika mezani kwa kuwatazama wengine wakishuka. Ukiona tumbusi wanashuka mmoja mmoja upande mmoja, geukia huko na usubiri.

Naomba uwe mkali na watoto kwa mambo mawili. La kwanza, kondori, hasa vijana, ni wadadisi, na anaweza kutua karibu nanyi. Rudini nyuma ninyi, msimpe chakula, msimwite. Ndege aliyezoea watu huishia matatani. Mwaka 2021 kundi lilivamia nyumba moja huko Tehachapi na kuharibu baraza lote, na ushauri wa wataalamu kwa mwenye nyumba ulikuwa awatimue kwa maji. La pili ni takataka ndogo: vizibo vya chupa, vipande vya kioo, vyuma. Kondori wazazi huviokota na kuvipeleka kiotani, na kifaranga anavimeza. Kifaranga ni mmoja tu kwa kila jozi, na hukaa kiotani miezi sita, hivyo kizibo kimoja kinaweza kumaliza kazi ya wazazi ya miaka miwili. Wape watoto mfuko waokote wanapopita njiani. Unyoya mkiuona chini, upigeni picha na kuuacha, sheria hairuhusu kuuchukua. Ndege zisizo na rubani ni marufuku katika hifadhi za taifa.

Kuhusu nyumbani, ndiyo, jambo lipo, na linahitaji macho zaidi kuliko huko. Tumbusi wetu si wa ukoo wa kondori, wako karibu zaidi na tai, lakini shida ni ile ile ya mzoga wenye sumu. Kwetu sumu huwekwa kwa makusudi: mfugaji hutega simba aliyeua ng'ombe, au jangili huwaua tumbusi wasije kumfichua kwa kuzunguka juu ya tembo aliyemwua. Tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wote wako kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Watafiti huwafunga GPS Ruaha na Nyerere upande wetu, na Masai Mara upande wa Kenya, ambako shirika la Peregrine Fund, hilo hilo linalosimamia kondori wa Arizona, limefanya kazi kwa miaka mingi. Watoto wakitaka kuona majabali ya viota, Hell's Gate karibu na Naivasha ina tumbusi wa Rüppell, na kwetu kuna bonde la Ol Karien kwenye milima ya Gol, mashariki ya Serengeti, mahali pazuri ajabu ukifika na mwongozaji anayeijua njia.

Ukimwona tumbusi mwenye lebo au kifaa mgongoni, andika kama ungeandika kwa kondori: rangi, namba, bawa la kushoto au la kulia, mahali, saa, na alikuwa akifanya nini, kisha mpe askari wa hifadhi. Na ukikuta tumbusi kadhaa wamekufa karibu na mzoga mmoja, msiguse kitu, waondoe watoto, piga picha kutoka mbali na toa taarifa saa ile ile. Mzoga ule bado una sumu, na wengine wako njiani kuushukia.